Gemu ikizimwa, kinachofungwa ni mahali

Tarehe 12 Januari 2026, Electronic Arts ilizima seva za Anthem, gemu iliyotoka Februari 2019. Kwa kuwa ilijengwa isichezeke bila kuunganishwa na seva, siku hiyo ilikufa kwa kila aliyeinunua, popote alipo. Maoni mengi niliyoyasoma yalikuwa ya namna moja: hadithi yake ilikuwa dhaifu, majukumu yake yalijirudia, wachezaji walishaikimbia siku nyingi, sasa hasara iko wapi? Naona maoni hayo yamekosea jambo la msingi, na kosa hilohilo ndilo linalopotosha mjadala mzima wa gemu zinazozimwa. Tunaijadili gemu kama bidhaa iliyopitwa na wakati, au kama hadithi ambayo mtu akishaimaliza hana cha kurudia. Mamilioni ya watu wanaitumia kama mahali. Wanakwenda, wanakaa, wanakutana na wenzao, wanarudi. Na mahali panapofungwa, ubora wa bidhaa si swali la kwanza la kuuliza.

Chukua Anthem yenyewe. Wahakiki waliiponda, lakini hata walioiponda walisifu kitu kimoja: kuruka. Mchezaji anavaa vazi la chuma lenye injini, anajirusha kutoka kwenye jabali, na chini yake kunafunguka bonde lenye msitu, magofu na maporomoko ya maji. Injini zinapata moto upesi, na zikizidi vazi linazima na unaanguka. Dawa yake ni maji: ukipenya katikati ya poromoko, au ukishuka mpaka karibu kugusa uso wa mto, injini zinapoa na safari inaendelea. Kwa kanuni hiyo moja, wabunifu wa BioWare, studio iliyoitengeneza, waliyafanya maji yawe na maana kwa kila anayeruka. Mchezaji akaanza kuisoma nchi: poromoko liko wapi, mto unapinda wapi, kutoka mwamba huu nitafika ule bila kutua? Baada ya muda alikuwa anaijua njia kama dereva anavyoijua barabara ya kila siku. Ujuzi huo haukuhitaji hadithi nzuri, na mtu aliyechoshwa na majukumu aliweza kurudi kwa ajili ya kuruka tu, kisha akazima akaendelea na shughuli zake. Hicho ndicho kilichoondoka Januari, na hakuna mhakiki aliyekipa alama kwa sababu fomu ya uhakiki haina nafasi yake.

Watu wakiulizwa ni wapi wanapenda kwenda ndani ya gemu, majibu yao yanafundisha. Wa Skyrim, gemu ya 2011, atakutajia ngazi za kupanda High Hrothgar, zile zinazoitwa ngazi elfu saba, theluji ikipiga na mawe ya kumbukumbu yakijitokeza kando ya njia. Wa Breath of the Wild ya 2017 atakutajia ukingo wa Great Plateau, pale unapotoka pangoni mwanzo kabisa na nchi nzima ya Hyrule ikalala mbele yako. Wa Elden Ring ya 2022 atakutajia lifti ya kisima cha Siofra: unashuka, unashuka, unaanza kudhani imeharibika, kisha kunafunguka chini ya ardhi mahali penye anga la nyota. Katika sehemu hizo hakuna zawadi kubwa inayomngoja mtu wala adui wa kujivunia kumshinda. Mimi mwenyewe bado huzipanda ngazi za High Hrothgar bila jukumu lolote la kunipeleka huko. Ndiyo maana sioni uzito wa makampuni kujisifia kilomita za mraba za ramani zao. Ramani kubwa ni kazi ya mashine na bajeti. Mahali hupatikana pale mchezaji anapopata sababu ya kupita polepole.

Lakini sehemu hizo tatu ziko salama, kwa kuwa gemu zake huchezeka bila idhini ya seva. Mgogoro uko upande wa pili. Desemba 2014 Ubisoft ilitoa The Crew, gemu ya magari iliyoifupisha Marekani nzima kiasi kwamba ungeweza kuivuka kutoka pwani hadi pwani kwa muda usiofika saa moja, bila lango wala kusubiri. Wengi hawakuwa wakishindana na yeyote. Waliwasha gari New York jioni, wakapita mashamba, jangwa na milima, wakafika California. Desemba 2023 gemu hiyo iliondolewa sokoni, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Hata aliyetaka kuendesha peke yake, bila kukutana na mtu, hakuweza tena. Kutokana na hilo, Ross Scott, mtayarishaji wa video za YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu. Wito wa raia wa Umoja wa Ulaya uliotokana na kampeni hiyo ulivuka saini milioni 1 mwezi Julai 2025, kiwango kinachoilazimu Tume ya Ulaya kuusikiliza na kuujibu. Uingereza nako waraka wa wananchi ulivuka saini 100,000 na suala likajadiliwa bungeni Novemba 2025.

Kampeni hiyo naiunga mkono, ila naona imelazimika kuzungumza lugha isiyoibeba hoja yake vizuri: lugha ya mnunuzi na muuzaji. Nililipa, kwa hiyo ni yangu, umeichukua, nirudishie. Kisheria hoja hiyo inagonga ukuta mara moja, kwa kuwa kampuni zitajibu kwamba ulichonunua ni leseni ya kutumia na masharti uliyakubali. Na hata ukishinda, unapata nini? California ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni na si umiliki. Ni sheria ya haki, naipongeza. Lakini inamaliza tatizo la kudanganywa na kuliacha tatizo la kupoteza likiwa palepale. Mtu anaweza kuelezwa kila kitu, akarudishiwa hata senti ya mwisho, na bado ile barabara ya kutoka New York hadi California isiwepo. Fedha hulipa thamani ya kitu kinachoweza kununuliwa pengine. Barabara ile haiuzwi pengine.

Ushahidi kwamba watu wanahesabu mahali, hawahesabu bidhaa, umekuwepo kwa zaidi ya miaka 20 kwa yeyote aliyetaka kuuona. Mwishoni mwa Agosti 2012 ilitangazwa kwamba City of Heroes, iliyoanza 2004, itafungwa. Wachezaji hawakuishia kuandika barua. Walijazana Atlas Park, uwanja wa mji walikoanzia wengi wao, chini ya sanamu kubwa ya Atlas aliyebeba dunia mabegani, wahusika wao wameshika mienge. Wangeweza kuomboleza kwenye ukurasa wowote wa mtandao, lakini waliona msiba huo unafanyika pale na si kwingine. Gemu ilizimwa tarehe 30 Novemba mwaka huo. Mwaka 2019 ikafichuka kwamba kikundi cha mashabiki kilikuwa kikiendesha seva yao kwa siri, wengine wakafungua za wazi, na Januari 2024 NCSoft, kampuni iliyoifunga, ikawapa leseni rasmi mashabiki wa mradi wa Homecoming. Atlas Park ipo leo kwa sababu watu walikataa kukubali kwamba haipo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka EverQuest, gemu iliyoanza Machi 1999 na inayoendelea hadi sasa. Katika nchi ya East Commonlands kulikuwa na handaki linalopita chini ya kilima. Wabunifu waliliweka kama njia ya kupita tu. Wachezaji walilifanya soko. Wauzaji walijipanga kando ya kuta, wanataja panga na ngao walizonazo, wanunuzi wanapita katikati wakisoma maneno yanayokimbia kwenye skrini, bei zinapandishwa na kushushwa, matapeli wanajulikana kwa majina. Hakuna aliyeagiza soko liwe pale. Lilikuwa karibu na mji, lilikuwa na kuta, na lilikuwa na watu tayari, basi likakua. Desemba 2001 kampuni ilileta soko rasmi, Bazaar, ambamo mhusika wako anaweza kusimama akiuza huku wewe umeondoka. Urahisi ulishinda na handaki likabaki tupu. Gemu haikuwa imefungwa hata siku moja, lakini mahali palikuwa pamekufa. Kisha mashabiki wakajenga Project 1999, seva inayoendesha EverQuest kama ilivyokuwa miaka yake ya mwanzo, na mwaka 2015 Daybreak, mmiliki wa gemu, akaingia nao makubaliano waendelee. Handaki likajaa tena, na bei zikaanza kubishaniwa upya. Mtu anayepima gemu kwa urahisi wa huduma hawezi kueleza kwa nini watu waliacha soko rahisi wakarudi kupigizana kelele handakini. Anayeipima kama mahali haoni ajabu.

Kampuni zenyewe zimeliona hili, japo kwa kulazimishwa. World of Warcraft, iliyoanza 2004, iliibomoa nchi yake ya zamani Novemba 2010, kuelekea toleo la Cataclysm: bonde kavu la Thousand Needles likafurika maji, Barrens ikapasuliwa vipande viwili, bustani ya mji wa Stormwind ikateketea. Mwaka 2013, mchezaji alipouliza hadharani kama seva za toleo la zamani zitawahi kuletwa, mkuu mmoja wa Blizzard alimjibu kwamba mnadhani mnazitaka, lakini hamzitaki. Mashabiki wakajiendeshea seva iitwayo Nostalrius, ikafungwa Aprili 2016 baada ya barua ya mawakili, na zaidi ya watu 200,000 wakatia saini kuitetea. Agosti 2019 Blizzard ikaifungua nchi ya zamani kwa jina la Classic, na mpaka leo inaiendesha kama biashara. Fortnite nayo iliporudisha ramani yake ya kwanza kwa muda, ilitangaza wachezaji milioni 44.7 kwa siku moja, tarehe 4 Novemba 2023. Silaha na wahusika wapya walikuwa wamejaa tele kwenye ramani za baadaye. Watu walirudi kutua Tilted Towers, mtaa wa maghorofa wa ramani ile ya zamani.

Upande wa pili una hoja, na baadhi yake ni nzito. Video Games Europe, chama cha makampuni ya gemu barani humo, kilijibu mwaka 2025 kwamba kuwaachia wachezaji waendeshe seva zao si jambo linalowezekana kila mara, kwani ulinzi wa data, uondoaji wa maudhui haramu na usalama wa wachezaji havitakuwa mikononi mwa kampuni, ilhali lawama huenda ikaifuata. Na kwamba gemu nyingi zimebuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtandao, hivyo kuzibadilisha ni gharama kubwa. Sehemu hii ya mwisho ni kweli kwa gemu zilizokwisha kutengenezwa, na kampeni yenyewe haidai sheria irudi nyuma. Kwa gemu zijazo nguvu yake inapungua sana. Ukipanga mwisho tangu mwanzo, gharama ni uamuzi wa usanifu na si ukarabati wa jengo zima. Ubisoft yenyewe, baada ya kelele za 2024, iliahidi na kisha 2025 ikaipatia The Crew 2 njia ya kuchezwa bila mtandao. Leseni za magari na muziki nazo hutajwa kama kikwazo, lakini Forza Horizon 4, yenye Edinburgh na mashamba ya Uingereza, iliondolewa sokoni Desemba 2024 kwa sababu za leseni, na aliyekuwa nayo anaendelea kuendesha humo. Kuacha kuuza na kufunga ni vitu viwili, na mara nyingi vinachanganywa kwa makusudi.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: kwamba mnachokipenda ni watu na ujana wenu, si mahali. Mfungulieni mtu Atlas Park tupu, atazunguka dakika chache kisha aondoke. Kuna ukweli humo. Mats Steen wa Norway, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 25 baada ya kuishi na ugonjwa wa kudhoofika misuli, alidhaniwa na wazazi wake kuwa mpweke, mpaka rambirambi zilipoanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, na baadhi ya wenzake wa World of Warcraft wakaja mazishini. Waliompenda walimpenda yeye. Lakini walimfahamu kwa kutembea naye njia zilezile, na wenzake wa kikundi chake cha wachezaji, Starlight, wameendelea kukutana ndani ya gemu kumkumbuka. Wana barua pepe na simu kama sisi sote, na bado wanakwenda pale. Urafiki haukai hewani. Star Wars Galaxies, iliyoanza 2003, ililijua hilo kuliko gemu nyingi: mpiganaji aliyechoka vitani alilazimika kwenda kantina na kumtazama mchezaji mwingine akicheza ngoma au kupiga ala ili uchovu umtoke. Wakati anasubiri, alizungumza. Ukumbi ule ndio uliozaa mazungumzo, na ukifungwa, wanaobaki ni watu waliowahi kufahamiana, wasio na mahali pa kuwafahamu wengine. Kuhusu ujana, ni kweli kumbukumbu hupamba. Njia pekee ya kujua imepamba kiasi gani ni kurudi na kuangalia, na ndilo hasa linaloondolewa.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba video zipo. Safari za The Crew zimerekodiwa, maporomoko ya Anthem yamerekodiwa, atakaye aangalie. Hoja hii inasahau kwamba gemu ndiyo sanaa ambayo mtazamaji ndiye anayechagua aende wapi. Katika video, aliyerekodi alipinda kulia. Wewe ulitaka kujua kuna nini kushoto, na hutajua. Tunalo funzo zuri hapa. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, ilipoungua Aprili 2019, Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Unity, gemu ya Paris ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, bure kwa wiki moja kwenye kompyuta, na watu wakamiminika kanisani humo kwa maelfu. Picha na filamu za Notre-Dame zilikuwepo kwa wingi kuliko za jengo lolote. Walitaka kuingia, kupanda, kusimama chini ya paa. Ilivuma pia kwamba ramani za gemu zingetumika kulijenga upya kanisa lenyewe; wajenzi walikuwa na vipimo vya leza vilivyofanywa na mwanahistoria Andrew Tallon, na kanisa la kwenye gemu lina mnara mwembamba ambao mwaka 1789 haukuwepo. Gemu haikuwa na thamani kama nakala ya jengo. Ilikuwa na thamani kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi siku ambayo ule mwingine ulifungwa.

Tukikubali kwamba tunazungumzia mahali, madai yanabadilika. La kwanza haliwi fedha, linakuwa njia ya kuingia: kila gemu inayouzwa iwe na mpango wa mwisho uliotangazwa siku ya kuuzwa, kwamba seva zikizimwa itachezeka peke yako, au mashabiki wataruhusiwa kuiendesha bila kutishiwa mawakili. Kinachodaiwa si seva za milele. La pili ni maktaba na hifadhi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 uliona kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni, na bado Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kuziruhusu maktaba ziwafungulie watafiti gemu hizo kwa mbali. Mtafiti husoma kitabu kilichokwisha sokoni bila kumwomba mchapishaji. Ulimwengu wa gemu unastahili angalau kiasi hicho.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna muswada wala kampeni iliyolishika sawasawa. Novemba 2020, Destiny 2 iliondoa Mars, Mercury, Io na Titan, pamoja na hadithi ambazo watu walikuwa wamezilipia. Gemu haikuzimwa. Iliendelea kuuzwa na kupokea masasisho, na kwa kipimo cha sheria inayosubiri seva kuzimwa hakuna kilichotokea, ingawa maeneo manne, sayari mbili na miezi miwili, yaliondoka kwa siku moja. Handaki la EverQuest lilikufa hivyohivyo, na bustani ya Stormwind pia. Siamini kwamba wabunifu wazuiwe kubadilisha kazi yao. Ulimwengu usiobadilika nao huchosha. Ninachodai ni kwamba kila kampuni inapobomoa sehemu kubwa ya nchi yake, toleo la kabla ya bomoabomoa lihifadhiwe likiwa linachezeka, nakala moja iende kwenye taasisi ya hifadhi, na mashabiki watakaotaka kuliendesha bila faida waachwe waliendeshe kama Daybreak ilivyowaachia wale wa Project 1999. Daybreak haikufilisika kwa hilo, na EverQuest yake rasmi bado inatoa matoleo mapya huku handaki la zamani likiwa limejaa watu.